Multimita ya kudumu kwa elektroniki ya nyumbani: nichukue ipi, na niikagueje dukani kabla ya kulipa?

Taa_Nyekundu (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni.

Nataka kununua multimita moja ya kukaa nayo miaka. Kazi zangu ni za mezani: bodi za Arduino na ESP32, seli za lithiamu za 18650 zinazotolewa kwenye betri za laptop, adapta na redio zilizokufa, pamoja na mfumo mdogo wa sola wa volti 12 wenye inveta. Soketi ya ukutani nitaipima mara mojamoja. Swichi kuu na mita ya LUKU sigusi.

Bajeti ni laki moja, nikijikaza laki na nusu. Madukani Mwanjelwa na Kabwe zipo DT830 za njano, halafu zipo zenye kioo kikubwa zilizoandikwa 6000 au 9999 kwenye boksi. Zote zinadai CAT III au CAT IV (daraja la usalama wa mita), hata ile ya bei ya sahani chache za wali.

Naomba kujua: hizo 6000 na 9999 zina maana gani kwa kazi zangu? Nitajuaje kwamba mita inasema kweli? Na ni kitu gani huziua mapema, ili nikiangalie kabla sijatoa hela?

---

Mega_Kumi (Iringa)

Mkuu, tuanze na hizo namba, maana ndizo zinazouzia mita. 6000 ni idadi ya hatua ambazo kioo kinahesabu kabla ya kuhamia renji kubwa zaidi. DT830 inahesabu hadi 1999. Seli yako ya lithiamu ikijaa ina volti 4.20. Mita ya 1999 inalazimika kuisoma kwenye renji ya volti 20, inaonyesha 4.20, na hatua yake ndogo kabisa ni milivolti 10. Mita ya 6000 inaisoma kwenye renji ya volti 6, inaonyesha 4.200, hatua ni milivolti 1.

Mtego uko kwenye zile za 4000. Volti 4.2 imeshapita 3.999, kwa hiyo mita inahamia renji ya 40 na wewe unarudi kwenye milivolti 10, sawa na mwenye DT830. Kwa mtu wa lithiamu na USB ya volti 5, kutoka 1999 kwenda 4000 hakumpi kitu. Kwenda 6000 kunampa. Kwenye betri ya sola ya volti 12, ya 1999 na ya 6000 zote zinakupa hatua ya milivolti 10, hivyo usilipie tarakimu kwa ajili ya sola.

Lakini tarakimu nyingi si ukweli mwingi. Usahihi uko kwenye kijitabu, umeandikwa kwa mtindo wa ±(0.5% + 3). Asilimia ni ya kile kilichosomwa. Ile 3 ni hatua tatu za tarakimu ya mwisho kulia, na hiyo ndiyo watu wanairuka. Chukua mita mbili zenye maandishi hayohayo. Ya 6000 ikisoma 4.200: nusu asilimia ni 0.021, hatua tatu ni 0.003, jumla 0.024. Ukweli uko kati ya 4.176 na 4.224. Ya 1999 ikisoma 4.20: nusu asilimia ni ileile 0.021, ila hatua tatu sasa ni 0.03, jumla 0.051. Ukweli uko kati ya 4.15 na 4.25. Maandishi mamoja, kosa mara mbili. Kama boksi halina kijitabu chenye jedwali la usahihi kwa kila renji, hiyo 9999 ni mapambo.

Kitu cha pili ni ukinzani wa ndani wa mita kwenye volti. Mita nzuri ina megaohmu 10. DT830 nyingi zina megaohmu 1. Kwenye betri huoni tofauti. Kwenye sakiti yenye rezista kubwa unaiona sana: weka rezista mbili za megaohmu 1 kugawanya volti 5, pima ile ya chini. Jibu la kweli ni 2.5. Mita ya megaohmu 10 itasema takriban 2.38, ya megaohmu 1 itasema 1.67. Fundi anaanza kubadilisha vifaa vizima kwa sababu ya mita yake mwenyewe.

Tatu ni hiyo inveta yako. Kama ni ya bei ndogo, huenda mawimbi yake ni ya ngazi, hayafanani na ya TANESCO. Mita isiyoandikwa TRUE RMS, yaani isiyopima thamani halisi ya wimbi la umbo lolote, hupima wastani wa wimbi, halafu inazidisha kwa 1.11 ikidhani wimbi ni laini. Wimbi la ngazi lenye kilele cha volti 325, linalowaka nusu ya muda, lina RMS ya 230 kamili. Wastani wake ni 162.5, mara 1.11 unapata 180. Inveta nzima inaonekana mgonjwa. Kwa mfumo wako TRUE RMS si anasa.

---

Kiduku_FM

Acheni makuu. DT830 inatosha kwa kila kitu hicho, na ikifa unanunua nyingine.

---

Fundi_Soweto (Mbeya)

@Kiduku_FM inatosha kwa betri, fyuzi za gari na kujua waya umekatika wapi. Pamoja na hayo, soma maandishi kwenye tundu la 10A la nyingi kati ya hizo: "UNFUSED". Hakuna fyuzi. Ukisahau waya kwenye tundu hilo ukagusa betri ya sola ya 100Ah, kati ya ncha mbili kuna kipande cha waya mnene tu, na betri ya namna hiyo ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampia, hata zaidi ya elfu. Nyaya zinayeyuka mkononi kabla hujazitoa.

@Taa_Nyekundu sasa swali lako la kinachoua mita.

La kwanza ni hilohilo la waya kusahaulika kwenye tundu la ampia halafu mtu akapima volti. Kwenye kupima mkondo, mita ni shanti, yaani rezista yenye ukinzani mdogo sana. Ukiigusisha sambamba na chanzo cha umeme umepiga shoti. Ndiyo maana fyuzi ya ndani ina maana kuliko kioo. Fungua mfuniko wa betri, mara nyingi fyuzi inaonekana hapo. Ya kioo, urefu wa mm 20, imeandikwa 250V, ni fyuzi ya redio. Ikikatika kwenye chanzo chenye nguvu, cheche inaendelea kuruka ndani ya bomba na kioo kinapasuka. Unayotaka ni ya kauri iliyojazwa mchanga, imeandikwa 600V au 1000V. Mchanga unayeyuka na kuizima cheche. Umeme wa DC wa sola ni mbaya zaidi kwa hili, kwa sababu haupiti sifuri mara 100 kwa sekunde kama wa ukutani, cheche haipati pa kuzimikia.

La pili ni kupima ohmu au buza kwenye kapasita yenye chaji. Kwenye adapta, kapasita kubwa upande wa umeme wa ukutani hukaa kama volti 325. Mita yenye kinga ina themista ya PTC na varista kwenye mlango wa kuingilia. Inavumilia, inashangaa kidogo, inaendelea. Isiyo na kinga, IC (chipu ya ndani) inaondoka siku hiyo. Toa chaji kwanza kwa rezista ya kilo-ohmu 1 hadi 10 ya wati 5, au balbu ya zamani ya waya ya 230V, halafu pima volti uhakikishe iko chini ya 2 ndipo uende kwenye ohmu. Bisibisi usitumie, inachimba njia za bodi.

La tatu ni swichi ya kuzungusha. Ndani ni vipande vya shaba vinavyoteleza juu ya bodi. Vumbi na grisi vikiingia, namba zinacheza ukigusa kitufe. Dawa ni pombe ya isopropili na pamba, pole pole. Usipulizie mafuta ya kulegezea nati; yanaacha utando unaokamata vumbi na unapitisha umeme kidogo, na kwenye renji za megaohmu utaona maajabu.

La nne ni betri kuvuja. Hili halina heshima, linaua ya laki tano na ya elfu kumi sawasawa. Mita ikikaa mwezi bila kazi, toa betri.

La tano, na ndilo la kawaida kabisa, ni nyaya. Za plastiki ngumu hukatikia ndani pale zinapoingia kwenye mpini. Tafuta za silikoni, laini hata asubuhi ya baridi. Mita yenye matundu ya kipimo cha kawaida cha mm 4 inakubali nyaya za kampuni nyingine, hivyo nyaya mbovu si sababu ya kuacha mita nzuri.

---

Njombe_Asubuhi

Naongeza la huku kwetu juu. Jedwali la usahihi karibu siku zote linasema nyuzi 23 kuongeza au kupunguza 5, yaani kati ya 18 na 28 za Selsiasi. Chini ya hapo kuna mstari mdogo mwishoni mwa kijitabu: ongeza sehemu ya kumi ya kosa kwa kila nyuzi nje ya mpaka. Njombe, Mbeya au Makete, asubuhi ya Juni ukipima kwenye banda lenye nyuzi 8, uko nyuzi 10 chini ya mpaka. Sehemu ya kumi mara 10 ni kosa zima. Ile 0.024 aliyoipiga Mega_Kumi inakuwa 0.048. Mita haijaharibika, iko nje ya ahadi yake tu. Iache ndani nusu saa ipate joto kabla ya kipimo cha maana. Kioo nacho huwa kizito kwenye baridi, tarakimu zinabadilika taratibu.

Unyevu ni adui wa megaohmu. Ukungu ukitua kwenye mita, au ukiitoa kwenye baridi ukaiingiza jikoni kwenye mvuke, maji membamba yanafanya njia sambamba na rezista yako: ya megaohmu 10 inasoma pungufu. Watu wa Tukuyu wanajua ninachosema. Weka kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Na usishike ncha zote mbili kwa vidole unapopima rezista kubwa, mwili wako nao ni rezista.

Halafu CAT. Viwango hivyo hutolewa kwa matumizi hadi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mbeya mjini na Iringa mko chini ya hapo. Kitulo na sehemu kubwa ya Makete ni juu ya hapo, hewa nyepesi, cheche inaruka nafasi ileile kwa volti chache zaidi. Kwa meza ya volti 12 haikuhusu. Kwa anayepeleka mita kwenye bodi ya umeme wa njia tatu huko juu, achukue yenye daraja kubwa kuliko anayodhani anahitaji.

---

Taa_Nyekundu

Asanteni sana wakuu, hii 4000 na 4.2 ilikuwa inipite kabisa.

Maswali mawili. CAT II, III, IV tofauti yake ni nini kwa lugha ya soketi na nyaya? Na nikipima mkondo wa ESP32 kwa DT830 kwenye renji ya 200m, bodi inajiwasha upya kila inapounganisha Wi-Fi. Nikitoa mita inafanya kazi. Mita mbovu?

---

Mega_Kumi (Iringa)

Mita nzima, ila inakula volti. DT830 kila renji ya mkondo imepangwa iangushe milivolti 200 ikijaa. Renji ya 200m ina shanti ya ohmu 1, ya 20m ina ohmu 10, ya 2000µ ina ohmu 100. Ongeza fyuzi, nyaya na mguso wa swichi, kwenye 200m unafika kama ohmu 1.5. ESP32 ikirusha Wi-Fi inavuta hadi miliampia 240 hivi. 0.24 mara 1.5 ni volti 0.36. Kutoka 3.3 inabaki 2.94, na moduli ya ESP32 kwa kawaida inataka isipungue 3.0. Inazimika, inaanza upya. Tena 240 imeshapita 200 ya renji.

Fanya hivi: kata njia ya chanya, weka rezista ya ohmu 0.1 yenye usahihi wa 1%, ya wati 1, halafu pima milivolti juu yake. Miliampia 240 zitaonyesha milivolti 24, na bodi imepoteza 0.024 tu. Milivolti zidisha kwa 10, hizo ndizo miliampia. Kwa ESP32 iliyolala, inayokula maikroampia chache, badilisha rezista iwe ohmu 100. Lakini ikiamka rezista hiyo itaiangusha, hivyo weka waya wa kuizunguka wakati inawaka na uutoe ikishalala.

Ugonjwa huohuo uko kwenye chaja za TP4056. Usiweke mita ya mkondo kati ya chaja na seli. Chaja inaona 4.20 kwenye mlango wake wakati seli iko chini kwa kile kilicholiwa na mita, na mwisho wa chaji unakosewa. TP4056 ni ya aina ya linear, inayopunguza volti bila kukatakata umeme, mkondo unaoingia na unaotoka unakaribiana sana, kwa hiyo pima upande wa USB kwenye tundu la 10A, na mita ya pili isome volti kwenye seli. Kwa rezista ya kilo-ohmu 1.2 utaona karibu ampia 1 mwanzoni, kisha inashuka seli inapokaribia 4.20, na chaja inakata ikifika sehemu ya kumi, yaani miliampia 100 hivi. Hapo ndipo Kiduku_FM ana hoja: DT830 kama mita ya pili ina kazi nzuri sana.

---

Fundi_Soweto (Mbeya)

CAT kwa ufupi: II ni kifaa kinachochomekwa kwenye soketi. III ni nyaya za ndani ya jengo, bodi ya fyuzi, mota zilizofungwa moja kwa moja. IV ni umeme unapoingilia nyumbani, nguzo na mita. Kadiri unavyokaribia nguzo ndivyo ukinzani wa waya ulio nyuma yako unavyopungua, na cheche ikianza inalishwa na nguvu kubwa zaidi. Volti iliyoandikwa pembeni haitoshi peke yake: mita ya CAT II 600V inajaribiwa kwa mshindo wa volti 4,000, ya CAT III 600V kwa 6,000. Radi zetu za Machi mnazijua.

Kwa hiyo ukiona boksi jepesi limeandikwa CAT IV 1000V na ndani kuna fyuzi ya kioo ya 250V, muuzaji amechapisha wino tu. Rudisha kwenye rafu.

Majina, kwa kuwa lazima mtu aulize. Fluke 101 ni 6000, ndogo, betri mbili za AAA, CAT III 600V, ngumu. Haina mkondo kabisa wala TRUE RMS. Watu wanalalamika haina mkondo, mimi naona ndiyo inayoifanya isife: hakuna tundu la kusahau waya. Ukiwa na rezista ya 0.1 ya Mega_Kumi hupungukiwi sana, ila inveta ndiyo itakusumbua. UNI-T UT139C ni 6000 na TRUE RMS, ina mkondo, kwa kazi ulizoorodhesha ndiyo ningeitazama kwanza. ANENG AN8008 ni 9999 na TRUE RMS, kwa pesa yake inasoma vizuri mezani, ila ibaki mezani, isiende ukutani. UT61E+ inahesabu 22,000, ni ya mtu anayelinganisha rezista na vyanzo vya volti. Fluke 87V ni ya kiwandani. Hizo mbili kwa bajeti yako ziache. Bei ulizia Mwanjelwa, halafu linganisha na Kariakoo pamoja na nauli ya mzigo kwenye basi. Mara nyingine mzigo unameza faida yote.

Dukani nenda na vitu hivi mfukoni: betri ya 9V mpya, rezista ya megaohmu 1 na ya ohmu 100 zote za 1%, LED ya bluu, na mita yoyote nyingine unayoiamini kidogo.

Gusisha ncha kwenye ohmu. Inatakiwa 0.1 hadi 0.3, itulie. Tikisa waya pale unapoingia kwenye mpini na kwenye plagi. Ikiruka, waya umekatika ndani. Zungusha swichi pole pole ukiisukuma pembeni kidogo, kioo kisififie. Kwenye buza gonga ncha haraka haraka kama unapiga kinubi. Buza inayochelewa nusu sekunde itakuchosha kufuatilia njia za bodi, na utaruka nyufa bila kuzisikia. Pima betri ya 9V moja kwa moja, halafu ipime kupitia rezista ya megaohmu 1. Kama ya kwanza ni 9.00 na ya pili ni 8.18, ukinzani wa ndani ni megaohmu 10. Ikishuka hadi 4.50, ni megaohmu 1, hata kama boksi linasema vingine. LED ya bluu kwenye dayodi iwake hata kwa ufifi. Isipowaka, volti ya kupimia ni ndogo na LED nyeupe hutazijua nzima na mbovu.

Muuzaji mzuri atakuacha ufanye yote hayo kwa dakika tano. Asiyetaka betri ya 9V iguse mita yake anakujibu swali bila kulijibu.

Na jambo moja la kutokuogopa: kwenye milivolti, ncha zikiwa hewani, namba zitacheza zenyewe. Huo si ubovu, mlango wa mita unadaka umeme wa hewani. Zigusishe, zirudi 0.

---

Kiduku_FM

Sawa, nimekubali kuhusu 10A. Ila ukweli wa mita nyumbani unajaribiwa kwa TL431 tu, chipu ya rejeleo la volti, inatoa 2.495, kazi kwisha.

---

Mega_Kumi (Iringa)

Hapana mkuu. TL431 ya kawaida ina kosa hadi 2%, ya A ni 1%, ya B ni 0.5%. Huwezi kukagua mita ya 0.5% kwa kifaa chenye kosa la 0.5%, wakitofautiana hujui nani mwongo. Kanuni ya mafundi wa vipimo ni kifaa cha kukagulia kiwe bora mara nne hivi. Bodi ndogo za AD584 zinatoa 2.5, 5, 7.5 na 10. Angalia herufi kwenye chipu: J kwenye volti 10 inaruhusiwa kukosea milivolti 30, K milivolti 10, L milivolti 5. K ni 0.1%, inatosha kwa mita zetu. Kwa volti 10 ilishe angalau 12.5, usiibandike betri ya 9V ukashangaa inatoa 7. Iache iwake dakika kumi na tano kwanza. Kwa ohmu nunua rezista mbili za 0.1%, tuseme ohmu 100 na kilo-ohmu 10, uziweke kando zisiguswe na joto la kulehemu.

DT830 ina trima ndani ya kurekebisha volti. Usiiguse kabla hujabadilisha betri. Betri ya 9V ikichoka, rejeleo la ndani linashuka na mita inaanza kusoma JUU kuliko ukweli. Seli ya 4.0 inaonekana 4.3, mtu anatupa chaja nzima. Alama ya betri kwenye kioo mara nyingi inachelewa kutokea.

---

Taa_Nyekundu

Nimeelewa. Naelekea kwenye ile ya 6000 yenye TRUE RMS, na DT830 iwe ya pili. La mwisho: nitajuaje fyuzi za ndani ni nzima bila kufungua mita?

---

Fundi_Soweto (Mbeya)

Waya mwekundu uache kwenye tundu la V, swichi weka ohmu, halafu ingiza ncha yake kwenye tundu la 10A. Ikisoma karibu sifuri, fyuzi nzima. Toa, ingiza kwenye tundu la mA. Hapo utapata ohmu chache kwa mita nyingi, baadhi huonyesha hadi kilo-ohmu 1. Andika namba hiyo ndani ya mfuniko siku mita ikiwa mpya, ndiyo rejeleo lako. Ikisema OL (nje ya renji), fyuzi imekatika. Kuna mita zinazopiga kelele ukiweka waya kwenye tundu la ampia wakati swichi iko ohmu. Hizo itabidi uzifungue, au uazime mita ya pili.

Fyuzi ya akiba nunua siku hiyohiyo unaponunua mita, ya urefu uleule, ampia zilezile, volti zilezile. Za mm 10 kwa 38 za 1000V hazipatikani kila duka, na hapo ndipo watu wanapofunga karatasi ya sigara juu ya fyuzi iliyokufa. Ukibadilisha, rudia kipimo hicho kabla ya kufunga mfuniko. Skrubu zinazoingia kwenye plastiki hazipendi kufunguliwa mara mbili kwa siku.